Hofu, Woga na Uchaji wa Mungu

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, wilayani Ilala, na watu zaidi ya 20, ambao tunaendelea kuwaombea, wakapoteza maisha. Mioyo ya wengi ilifadhaika, na Kiswahili kina neno kwa kila hali. Taharuki huwakumba wengi kwa pamoja. Hofu ina sababu inayojulikana: mtu anahofia ukuta wenye ufa. Wasiwasi humsumbua hata asipoona ufa wowote. Woga ni udhaifu unaomzuia kutenda analojua kuwa ni jema.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kipaji cha Roho Mtakatifu. Tunapowaandaa vijana kwa Kipaimara, tunawafundisha vipaji saba, na cha saba ni uchaji wa Mungu. Neno hili latokana na kitenzi kucha, yaani kuogopa kwa heshima. Ndiyo maana twasema “mcha Mungu”, wala si “mwoga wa Mungu”. Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha hofu ya mtumwa, aogopaye adhabu, na hofu ya mwana, aogopaye kumkosea baba ampendaye.

Tofauti hiyo huonekana sokoni. Muuzaji asiyepunja mizani kwa kumwogopa mkaguzi tu, atapunja mkaguzi akiondoka. Mcha Mungu hapunji hata akiwa peke yake.

Basi, wazazi na makatekista, tusiwatishe watoto kwa jina la Mungu. Tutalea waoga, si wacha Mungu.