Chapati za kaboni zinazopitisha stima

Jua la Bura si mchezo. Hapo Garissa kuna mtambo wa sola wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, na stima yake huingia gridi ya taifa. Shida iko njiani: waya hukinza umeme, sehemu yake inageuka joto bure, na gharama inarudi kwa bili yako.

Sasa skia hii. Mwaka wa 1980, Klaus Bechgaard wa Denmark, Denis Jérome wa Ufaransa na wenzao walitangaza fuwele ya kaboni inayopitisha umeme bila ukinzani wowote. Siri ni mpangilio. Molekuli zake ni bapa, zimepangwa kama chapati kwenye sahani, na elektroni huteleza kutoka moja hadi nyingine. Zikikaa mbalimbali, njia inakatika.

Lakini ilitaka baridi ya karibu -272°C, tena ibanwe kwa nguvu. Kufikia 1990, fuwele nyingine iliweza kwa takriban -261°C bila kubanwa. Bura ni zaidi ya 30°C, so safari bado ni ndefu.

Kama uko Form Four na unauliza kemia ya kaboni itakusaidia na nini, kazi ndiyo hiyo: tafuta chapati zitakazostahimili joto la kwenu.