Shikamoo Kwanza: Wiki Ambayo Simu Zilikuwa Hazipiti

Jumatano ya Oktoba 29, 2025, ujumbe wangu wa asubuhi kwa Mamkubwa ulibaki na tiki moja. Kwetu tuliokulia huku, tiki moja ya WhatsApp ni jambo dogo. Bando limeisha, umeme umekatika, simu iko chaji. Nikaendelea na kazi. Saa saba mchana bado tiki moja. Nikafungua grupu la familia, lile la picha za maua na "Amkeni salama wapendwa". Tulioko Uingereza, Oman na Marekani tulikuwa tunaulizana tu, "Nyie mnawapata?" Wa Tanzania hakuna hata mmoja aliyejibu.

Ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu. Kufika usiku tulishajua kwamba kuna maandamano na vurugu, intaneti imekatika nchi nzima, na Dar es Salaam imewekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Mamkubwa anakaa Temeke. Anaishi na mwanawe wa mwisho, ambaye kwa Kiingereza ningemwita binamu, lakini kwa Kiswahili ni kaka yangu na hakuna mjadala. Ana miaka 23. Na waliokuwa barabarani, kwa video chache zilizokuwa zinatufikia, wengi walikuwa wa umri wake.

Uchambuzi wa siasa nawaachia wanaouweza. Mimi nataka kujibu swali ambalo wengi wenu mmetuuliza tangu tuliporekodi kile kipindi kwa sauti za watu wasiolala: nyumbani kukichafuka na wewe uko mbali, huwezi kufika, huwezi hata kupiga simu, unafanyaje ili usivunjike? Nitawaambia tulivyofanya sisi, mimi na mama yangu, katika nyumba moja ya Reading. Kwanza nianze na nilivyokosea.

Mwili haujui umbali

Usiku wa kwanza sikulala, niliskroli. Kuna video moja niliiangalia labda mara ishirini. Vijana wanakimbia, moshi, mtu anapiga kelele nyuma ya kamera. Nilikuwa naisimamisha na kuikuza kuangalia mashati. Kaka yangu ana shati la bluu ambalo mimi ndiye niliyempelekea, na nilikuwa nalitafuta. Nilipokuwa silioni, nilikuwa sifurahi. Nilikuwa natafuta video nyingine.

Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nilijua kinachoendelea mwilini mwangu. Ukiona hatari, mwili unamwaga adrenalini, halafu kotisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi. Hiyo ni zawadi kama kuna simba mbele yako. Lakini mwili haujui kwamba simba yuko zaidi ya kilomita elfu saba na wewe umekaa kwenye sofa na blanketi. Unakuandaa kukimbia, na wewe huna pa kukimbilia. Basi ile nguvu inabaki ndani na inakula mwenye nyumba.

Ijumaa ikanipata. Kazini niliandika miligramu 50 mahali palipotakiwa 5. Mwenzangu anayehakiki aliliona kabla dawa haijaenda popote, na ndiyo kazi ya uhakiki huo. Hakuna aliyedhurika. Ila aliponionyesha ile karatasi, niliitazama na bado sikuona kosa. Ikabidi aweke kidole. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani.

"Kusubiri nako ni kazi"

Saa za huku zilikuwa zimerudishwa nyuma Jumapili iliyotangulia, kwa hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni kulikuwa giza. Nilimkuta Mama amekaa kwenye kiti chake karibu na hita, tasbihi mkononi, midomo inacheza polepole. Kando yake kikombe cha chai ya tangawizi. Ametulia. Na utulivu ule ukaniudhi, sijui niseme vipi.

Nikamwambia, "Mama, unawezaje kukaa hivyo? Ni dada yako yule."

Hakunijibu papo hapo. Alimaliza duru yake, akaibusu ile tasbihi, akaiweka mapajani. Halafu akasema, "Unadhani mimi sina moyo?"

Nikanyamaza.

"Nilipokuja nchi hii hakukuwa na WhatsApp. Barua wiki mbili, simu ni kununua kadi ya kukwangua, na kule nyumbani mpaka mtu akaitwe kwa jirani. Mama yangu alizikwa, mimi nikajua siku ya nne. Siku nne nilikuwa nakwenda kazini nacheka na watu, mama yangu yuko kaburini." Akakunywa chai. "Kusubiri nako ni kazi, mwanangu. Ina namna yake ya kufanywa. Wewe unaifanya vibaya."

Miaka 34 nimekuwa mtoto wa mwanamke huyu na hadithi ya siku nne sikuwahi kuisikia. Nikamwomba msamaha, nikamwambia anifundishe hiyo kazi.

Pumzi, halafu simu jikoni

Cha kwanza ilikuwa pumzi, ingawa yeye haiiti hivyo. Kwake ni uradi wake wa kila siku. Lakini nilipokaa karibu nikasikiliza, nikaona kila neno analitamka akiwa anatoa pumzi, polepole, punje moja baada ya nyingine, mpaka 33, anarudia tena na tena. Kitabibu hiyo ina maelezo. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, neva ya vagasi inauambia moyo upunguze mwendo. Mama hana habari na vagasi na hana haja nayo. Mimi nilisoma miaka mingi kuijua, na bado nilikuwa napumua kama mbwa mwenye kiu.

Kama wewe unasali, unacho tayari chombo hiki, kitumie. Kama husali, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Fanya dakika tano. Usitegemee muujiza. Utakachopata ni mabega kushuka kidogo, na siku kama zile mabega kushuka ni jambo kubwa.

Cha pili ilikuwa simu. Mama aliichukua yangu akaiweka jikoni, ndani ya lile bati la biskuti ambalo kila nyumba yetu inalo na ndani yake hamna biskuti bali nyuzi na sindano. Sauti ya mlio ikabaki juu ili tusikie tukipigiwa. Habari tukapanga mara mbili kwa siku: baada ya sala ya alfajiri na saa moja usiku. Dakika ishirini, na sharti lake lilikuwa moja tu: hakuna kuangalia peke yako. Ukiangalia na mtu mwingine, mtasema "hii ya zamani hii, si ya leo" au "basi, izime". Peke yako hakuna wa kukuambia izime.

Saa moja ya kwanza mkono wangu ulikwenda mfukoni mara kumi. Nawaambia ukweli ili msijione wa ajabu.

Vitu vitano kwa Kiswahili

Hili ni langu, nililichanganya mwenyewe. Kuna zoezi maarufu la kumtuliza mtu mwenye hofu: taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Nilishawahi kulifanya kwa Kiingereza na halikunisaidia sana, kwa sababu Kiingereza changu kina mbio. Naweza kutaja vitu ishirini huku akili iko kwingine.

Ijumaa ile usiku nikalijaribu kwa Kiswahili, kwa sauti. Pazia. Birika. Zulia. Mto, nikasita kidogo, maana mto ni huu wa kulalia na ni ule wa maji, na Thames uko dakika kumi na tano kutoka kwetu. Cha tano nikakwama. Ile sehemu ya chini ya dirisha, pale Mama anapopanga vyungu vyake vya maua, inaitwaje?

"Mama, hapa panaitwaje?"

Akapatazama. Akafikiri. Akapatazama tena. "Kwetu Tanga dirisha lina nondo na wavu wa mbu. Hapo hatuweki kitu. Patapataje jina?"

Tukacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumatano, kile cha kushika tumbo, mpaka yeye akatoa machozi na nikajua si ya kucheka tu. Nikaenda kukaa chini, kichwa kwenye magoti yake, akaanza kunichambua nywele kama nina miaka sita.

Kwa sisi ambao Kiswahili chetu kina matundu, hapa pana faida ambayo hatukuitarajia. Neno unalolitafuta linakulazimisha ukitazame kitu sawasawa. Akili inayotafuta neno "kizingiti" haipati nafasi ya kukuza video kutafuta mashati. Na usipolijua neno, unapata sababu ya kumuuliza mtu.

Sahani ya jirani

Jumamosi asubuhi Mama aliamka akakanda unga. Chapati za watu wawili hazihitaji kilo mbili za unga, lakini alikuwa hakandi kwa ajili ya njaa. Mimi nilisukuma, yeye akachoma. Mikono ikiwa na kazi, mdomo nao unafunguka, na alinisimulia mengi ya utotoni na dada yake ambayo nitayaweka kwenye kipindi siku akiniruhusu.

Chapati sita akazifunika kwa kitambaa, akaniambia peleka kwa jirani. Jirani yetu ni mama wa Kinepali, na Reading ina Wanepali wengi. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka minane ya salamu za mlangoni tu. Nikampa sahani, akaniuliza, "Nyumbani kwenu vipi? Nimeona habari." Nikamwambia hatuwapati. Akanishika mkono.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, serikali ya Nepal ilifungia mitandao ya kijamii, vijana wakaingia barabarani Kathmandu, watu wakauawa. Yule mama ana mtoto wa dada yake kule. Alikuwa amepitia wiki yangu kabla yangu, upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikuwa napita na mikoba ya dukani nikisema "habari za asubuhi". Aliniambia ingia, tukanywa chai. Hakunipa ushauri wowote. Kesho yake sahani ilirudi na momo ndani, kwa sababu na kwao sahani hairudi tupu.

Simu ilipopita

Intaneti ilianza kurudi Jumatatu, Novemba 3. Lakini sisi tuliwapata Jumapili, kwa simu ya kawaida, tuliyokuwa tunaijaribu kila baada ya sala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri huku, saa mbili na nusu asubuhi kule. Nilishazoea ile sauti ya kukatika kiasi kwamba iliposikika "Haloo?" niliduwaa.

"Mamkubwa! Mko salama? Kaka yuko wapi? Mna chakula? Mbona..."

Kimya kidogo. Halafu sauti ile ile, nzito, isiyo na haraka: "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mamkubwa."

"Shikamoo kwanza."

Niliangalia simu. Nimekesha siku nne, nimekaribia kumpa mgonjwa dozi ya sumu, na huyu anadai shikamoo. "Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Baridi huko imeanza? Umekula?" Alizipitia zote, hakuruka hata moja. Na mimi nikizijibu moja moja, nikahisi kifua kinafunguka. Mpaka anafika kwenye habari yenyewe, nilikuwa na uwezo wa kuisikia. Kaka yuko ndani, hajatoka tangu Jumatano, analalamika tu kwamba hakuna intaneti. Unga upo. Tuongee kidogo, vocha inaisha. Nikampa Mama simu nikatoka nje barazani, kama tunaweza kukiita kile kijingazi baraza, nikakaa kwenye baridi.

Nimezifikiria sana zile salamu. Tukiwa wadogo zilikuwa zinatuchosha. Kumbe ni ngazi. Unashuka nazo kutoka kwenye hofu mpaka ardhini, hatua kwa hatua, ukishikwa mkono.

Ambacho havikufanya

Sitaki mfikiri pumzi na chapati vilimlinda mtu yeyote. Wiki iliyofuata tulikwenda kuhani kwa familia moja tunayoifahamu, mji mwingine, ambao simu yao ilipopita haikuwa ya kuwaambia shikamoo. Tulikaa chini na akina mama, tukamenya vitunguu, tukaosha vyombo. Hakuna zoezi la kupumua la kumpa mama aliyepoteza mtoto. Ila niliona kwamba niliweza kukaa. Wiki moja kabla ningekuwa nachungulia simu chini ya mtandio. Siku ile nilikaa saa sita, na alipotaka kunionyesha picha za mwanawe niliziangalia zote.

Labda ndiyo maana ya kujitunza. Ukiwa mzima, unakuwa na nafsi ya kumkalisha mwingine.

Bati la biskuti bado liko jikoni na simu zetu zinalala humo kila usiku. Jumamosi asubuhi tunampigia Mamkubwa, na sasa salamu nazianza mimi. Ile sehemu ya chini ya dirisha bado haina jina nyumbani kwetu. Kama kwenu ina jina, tutumieni kwa sauti, pamoja na la bibi aliyewafundisha. Mama anasubiri majibu.