Sare Moja, Majukumu Tofauti: Kuzitambua Seli za Kinga katika Damu

Katika kliniki za Arusha na za vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, si ajabu mgonjwa kusoma majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu, akaona chembechembe nyeupe 6,000 katika mikrolita moja, kisha akahitimisha kuwa kinga yake ni imara. Idadi hiyo ni ya kawaida kwa mtu mzima. Hata hivyo, hujumlisha seli zenye majukumu tofauti kabisa.

Baadhi ya seli hizo hutambulika kwa hadubini. Nyutrofili humeza bakteria. Monositi huhamia katika tishu na kula vimelea pamoja na masalia ya seli zilizokufa. Eosinofili huongezeka mwili unapokabili minyoo au mzio. Limfositi, kwa upande wake, hufanana mno. Seli B huzalisha kingamwili, seli T za CD8 huua seli zilizovamiwa na virusi, na seli T za CD4 huratibu kazi ya wenzake; lakini zote huonekana kama askari waliovaa sare moja.

Ili kuzitofautisha, maabara hutumia kingamwili zenye rangi ing'aayo, ambazo hunata kwenye protini maalumu zilizo juu ya kila aina ya seli. Kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, na mashine huzihesabu kwa kufuata rangi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa anayeishi na VVU, kwani kirusi hicho hushambulia hasa seli za CD4. Zinapopungua, zile za CD8 huweza kuongezeka. Hivyo jumla ya limfositi ikaonekana ya kawaida ilhali mratibu anatoweka. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 amefikia hatua ya juu ya ugonjwa. Hata asipohisi lolote, yampasa achunguzwe kifua kikuu na fangasi wa kriptokokasi, asababishaye homa ya uti wa mgongo.

Kwa hiyo, anayeanza dawa za kufubaza VVU, au anayezirejea baada ya kuziacha, awe mjini Arusha, Tengeru au Usa River, aulizie kipimo cha CD4. Kipimo cha wingi wa virusi huonyesha kama dawa zinafanya kazi. Cha CD4 huonyesha ukubwa wa hatari inayomkabili leo.