Kompyuta Iliambiwa, Daktari Hakuambiwa



Katika mkutano wa tawi uliopita, kule kiwanda cha sukari, ndugu mmoja wa upande wa mitambo alisimama akauliza swali. Alisema hospitali kubwa imeweka kompyuta katika chumba cha dharura. Jina lako linaandikwa humo na ugonjwa wako unaandikwa humo. Je, bado tuna haja ya kubeba madaftari? Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la kutosha siku ile. Leo namjibu.

Wasomaji walio nje ya Uganda wajue kwamba hapa kwetu mfanyakazi akienda kituo cha afya hununua kwanza daftari la shule. Mganga huandika humo ugonjwa na dawa, na mgonjwa hurudi nalo nyumbani. Likinyeshewa limekwisha. Likiliwa na panya, habari zako zote zimeliwa. Kwa hiyo mimi si adui wa kompyuta. Mtu aliyeletwa hana fahamu hawezi kusema kwamba ana kisukari, lakini rekodi yake ya zamani inaweza kumsemea. Kwa jirani zetu Kenya, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta mwaka 2001. Jambo hili si geni tena, na litafika kila mahali.

Lakini sikilizeni habari ya mtu mmoja.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 2014, Thomas Eric Duncan alifika chumba cha dharura cha hospitali ya Texas Health Presbyterian, mjini Dallas, Marekani. Alikuwa mtu wa Liberia, kazi yake udereva, na alikuwa ameingia Marekani siku tano tu kabla. Wakati huo Ebola ilikuwa inaua watu wengi sana kwao Liberia. Alikuwa na homa, kichwa na tumbo vinamuuma. Hakuwa na bima. Muuguzi alimwuliza maswali, naye akajibu kwamba ametoka Afrika. Muuguzi akaliandika jibu hilo katika kompyuta, kama kazi yake ilivyotaka. Homa ikapanda ikapita nyuzi 39. Mnamo saa tisa za usiku mgonjwa akapewa dawa za kuua vijidudu, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Tarehe 28 akarudishwa kwa gari la wagonjwa. Tarehe 30 vipimo vikaonyesha Ebola. Tarehe 8 Oktoba akafa. Wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, lakini wao walipona.

Sasa angalieni yaliyofuata, maana hapa ndipo mfanyakazi wa kiwanda anapoweza kufundisha hata maprofesa. Tarehe 2 Oktoba hospitali ilitangaza kwamba kosa lilikuwa la kompyuta. Ilisema muuguzi ana kurasa zake na daktari ana kurasa zake, na swali la safari lilikuwa limewekwa upande wa wauguzi, kwa shughuli ya chanjo ya mafua. Kesho yake hospitali ikabadili maneno: hapana, kompyuta haikuwa na kosa, daktari angeweza kuliona jibu lile.

Tumeisikia lugha hii mara ngapi? Mtu anakatwa kidole, siku ya kwanza wanasema mashine ilikuwa mbovu. Fundi wa kampuni anakuja, anaikagua, na siku ya pili mashine ni nzima. Kama mashine ni nzima, basi mzembe ni nani? Hakuna anayeuliza nani aliipanga kazi ile, nani aliweka watu wachache zamu ya usiku, nani alikata shauri swali la safari likae kwenye ukurasa wa chanjo. Baadaye mkuu mmoja wa shirika la hospitali hiyo alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba makosa yalifanyika, akaomba radhi. Na jopo la wataalamu lililochunguza lilitoa ripoti mwaka 2015. Moja ya mambo waliyoyaona ni hili: habari ya safari iliandikwa katika kompyuta, lakini haikusemwa kwa mdomo kwa daktari. Kila mmoja alitegemea kwamba kilichoandikwa kimesomwa.

Wauguzi wa Dallas hawakuwa na chama. Walipotaka kusema kwamba waliingizwa kumhudumia mgonjwa yule bila maandalizi, na shingo zao zikiwa wazi, ilibidi chama cha wauguzi cha National Nurses United kiwasomee maneno yao bila kutaja majina. Hospitali ilipinga maelezo hayo. Lakini fikirini hali ya mfanyakazi anayeogopa hata kutaja jina lake wakati mwenzake yuko kitandani na Ebola.

Sisi Uganda Ebola tunaijua. Mwaka 2000 ilipoingia Gulu, Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliitwa kutoka Kampala kwa kuwa wauguzi wanafunzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Alifika, akachukua mafaili ya karatasi ya waliokufa, akayasoma usiku, akaona dalili zinafanana. Hakungoja, akatoa habari kwa wakubwa. Yeye mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba 2000. Karatasi zile hazikuwa na umeme wala kioo. Zilikuwa na mtu wa kuzisoma.

Nami nina kosa langu. Usiku mmoja niliongozana na mwenzetu aliyeshikwa mkono na mnyororo wa kupandishia miwa. Kituo cha afya kilikuwa kimeandika katika daftari lake, kwa wino mwekundu, kwamba penisilini inamdhuru. Hospitalini karani alimwuliza jina, umri, kijiji na namba ya simu, akaviingiza katika kompyuta. Mimi nilipoiona ile kompyuta nikadhani kila kitu kimekwisha kujulikana. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Baadaye nesi akaja na sindano, na mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ndogo, akasema, "Dada, penisilini hapana." Nesi akasimama. Alirudi kuangalia katika kompyuta. Nafasi ya dawa zinazomdhuru ilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, na mimi sikusema. Miye ambaye kazi yangu ni kusema!

Basi, ndugu wa mitambo, daftari libebe. Likabidhi mkononi na useme kilichomo, hata kama karani hakuinua macho. Mwambie pia aandike kwamba umeumia kazini, na ataje kiwanda. Kompyuta ikiandika "ameanguka" tu, siku ya kudai fidia wakili wa mwajiri atafurahi sana na neno hilo moja. Omba nakala iliyopigwa chapa kabla ya kuondoka.

Na tusiwagombeze manesi. Hao ni wafanyakazi kama sisi, na mashine hizi mara nyingi huletwa bila wao kuulizwa. Kazi ya kuandika huongezwa, watu hawaongezwi. Umeme ukikatika wanaolaumiwa ni wao. Hata Uingereza, tarehe 12 Mei 2017, wezi wa mitandao walipozifunga kompyuta za hospitali nyingi, baadhi ya vyumba vya dharura vilielekeza magari ya wagonjwa kwingine, na watu wakarudia kalamu na karatasi.

Halmashauri ya tawi imeniagiza niwaone viongozi wa manesi wa hospitali yetu tuzungumze juu ya wagonjwa wanaoletwa usiku kutoka kiwandani na mashambani. Kabla ya hapo, katika mkutano ujao kila mwanachama aje na daftari lake. Tutauandika ukurasa wa kwanza pamoja: jina, namba ya kazi, dawa zinazomdhuru, na dawa za kunyunyizia anazozishika kila siku. Wasiojua kuandika wakae karibu na mimi.