Bunge la Jimbo la Pwani, 1963–1968

Neno "majimbo", ambalo masikioni mwa Wakenya wengi linanuka mfarakano, lilipata kuwa neno la katiba. Mnamo Mei 1963 wapiga kura waliwachagua, pamoja na wabunge wa taifa, wajumbe wa mabunge ya majimbo. Pwani, iliyoongozwa kutoka Mombasa, iliangukia mikononi mwa KADU, chama cha Ronald Ngala, mwana wa Kilifi.

Kwa wenyeji wa Kilifi na Malindi, kiini cha jambo kilikuwa ardhi. Wamijikenda wengi walilima mashamba wasiyokuwa na hati zake, hasa katika ukanda wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru, Desemba 1963. Bunge la karibu, lenye kauli juu ya ardhi, lilionekana kuwa kinga.

Kinga hiyo haikudumu. Serikali kuu, iliyoshika mfuko, ilichelewesha kukabidhi madaraka. Novemba 1964 KADU ilijivunja, naye Ngala akajiunga na upande wa serikali. Marekebisho ya katiba yakayang'oa meno mabunge hayo. Hata jina likashushwa: bunge la jimbo likawa baraza la mkoa, nalo likafutwa mwaka 1968.

Tangu 2013 Kilifi ina bunge la kaunti lenye wajumbe wa wadi 35, nalo hukutana Malindi. Ardhi ya umma, hata hivyo, husimamiwa na tume ya kitaifa.