Vyeti Viwili Vinavyopingana

Kijana anayefungwa nchini Kenya akiwa na miaka 19 anaweza kutoka gerezani na ufundi ambao hakuingia nao. Karakana za magereza hufunza useremala, ushonaji na uchomeleaji, na wafungwa hufanya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ileile anayofanya fundi wa mtaani. Akitoka anadaiwa karatasi nyingine. Kampuni ya ulinzi, mwenye matatu au wakala wa kazi za Ghuba humtaka kwanza cheti cha tabia njema, ambacho Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) hukitoa baada ya kulinganisha alama za vidole na rekodi zake. Serikali iliyogharimia cheti cha kwanza, cha ufundi, ndiyo hiyohiyo inayokitangua kwa cha pili. Naamini juhudi za kuwarudisha vijana hawa masomoni na kazini hukwama hapa, kwenye rekodi isiyozeeka, kuliko zinavyokwama darasani.

Si kwamba masomo hayana tija. Mwaka 2013 taasisi ya RAND ya Marekani ilichambua kwa pamoja tafiti za miongo mitatu, ikaona kuwa uwezekano wa kurudi uhalifuni ulikuwa chini kwa 43% miongoni mwa wafungwa waliosoma kuliko wenzao. Uwezekano wa kupata kazi nao ulipanda, lakini kwa 13% tu. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inaonyesha kwamba mtu hubadilika upesi kuliko soko la ajira linavyokubali kumpokea. Mwanasosholojia Devah Pager alilionyesha hilo waziwazi mwaka 2003, katika jaribio lake mjini Milwaukee, Marekani. Vijana waliolingana kwa elimu na uzoefu walitumwa kuomba kazi, baadhi yao wakieleza kuwa wamewahi kufungwa. Weupe wasio na rekodi waliitwa na waajiri mara 34 kati ya 100, wenye rekodi mara 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa mara 14, na wenye rekodi mara 5. Ubaguzi wa rangi wa kule una historia yake, lakini woga wa mwajiri mbele ya neno “alifungwa” tunaujua hata sisi.

Wapo wanaosema mwajiri ana haki ya kujua anamwingiza nani kazini. Ni kweli, na anayeajiri mlezi wa watoto ana haki hiyo siku zote. Swali ni muda. Watafiti Blumstein na Nakamura, katika utafiti wa mwaka 2009, walifuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimboni New York mwaka 1980. Aliyekamatwa kwa kuvunja nyumba akiwa na miaka 18, asipokamatwa tena, baada ya miaka 3.8 hatari yake ya kukamatwa ilikuwa sawa na ya rika lake kwa jumla. Kwa wizi wa mabavu ilichukua miaka 7.7. Rekodi, basi, ni kama dawa: ina tarehe ya kuisha nguvu. Uingereza iliitambua tarehe hiyo kisheria tangu 1974, na Afrika Kusini huruhusu makosa ya aina fulani yafutwe baada ya miaka 10. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takriban 70% ya kesi zilihusu makosa madogo, kama ulevi, kuzurura na biashara bila leseni. Hayo si makosa ya kumfuata mtu hadi aote mvi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa mzazi ambaye mwanawe hajawahi kuvunja sheria na bado hana kazi. Uchungu wake ni wa haki. Lakini kufunga rekodi iliyopitwa na wakati hakumpi mtu nafasi ya mwingine; kunamruhusu tu apange foleni. Tena, kuficha rekodi kiholela kuna hatari zake: Marekani, waajiri walipokatazwa kuuliza mapema kuhusu rekodi, watafiti Doleac na Hansen waliona ajira ya vijana weusi wenye elimu ndogo ikipungua, ishara kwamba baadhi ya waajiri waliwakwepa wote kwa kubahatisha. Ndiyo maana nataka kikomo cha kisheria, kinachofikiwa kwa mwenendo unaothibitika.

Kikomo hicho hakitafaa kitu ikiwa kijana anarudi mtaani mikono mitupu. Kituo cha kurekebisha vijana cha Kamiti huwapokea wenye miaka 17 hadi 21 kwa miezi minne, na miezi minne haimtoi seremala. Inatosha kuanza. Kwa hiyo afisa wa probesheni amtafutie nafasi katika chuo cha ufundi kilicho karibu na kwao kabla hajatoka, si baada ya kurudi kijiweni, na alichojifunza ndani kihesabiwe pale atakapoendelea. Hakimu naye, siku ya hukumu, aandike kwenye jalada tarehe ambayo rekodi hiyo itafungwa asipokosa tena, na kijana apewe nakala yake.