Maji ya Tigithe: kuchemsha si dawa ya kila kitu

Mara nyingi tunahimizana majumbani kuchemsha maji. Kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, nasaha hiyo ni sahihi kabisa. Lakini ndugu zetu wa Tarime na Serengeti, walio kando ya mto Tigithe na mto Mara unaopokea maji yake, wana jambo jingine la kujua.

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Tigithe. Miamba yenye madini ya salfa ikichimbuliwa, ikakutana na hewa na mvua, hutoa tindikali. Nayo huyeyusha metali zilizomo katika mawe. Zikishayeyuka hazionekani, kama chumvi ndani ya mchuzi. Kitambaa hakizichuji, na dawa ya klorini haiziondoi.

Moto je? Chemsha lita 10 mpaka zibaki 8. Kilichoondoka ni mvuke. Aseniki au risasi iliyokuwa ndani ya lita 10 sasa imo ndani ya 8, basi maji yamezidi ukali! Wala haihitajiki nyingi: kikomo cha aseniki cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, hivyo gramu 1 tu yatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho.

Maji ya mto yanayotiliwa shaka yasinywewe wala kupikiwa mpaka yapimwe maabara. Kinga ya mvua kwenye bati safi, ukimwaga yale ya mwanzo. Hayo ndiyo ya kuchemsha.